Chogo

Nimepewa fomu ya kuondoa mali chakavu:
skrini za chogo, arobaini na mbili,
zimegeuzwa nyuso ukutani stoo ya Mtumba
kama wanafunzi wenye adhabu.
Safu ya mwisho inauliza: *Madhara?*
Aliyenitangulia alizoea kuandika *Hakuna*,
kwa mwandiko mzuri.

Baba alikuwa fundi, Chang'ombe,
ubavuni mwa mashine ya kusaga.
Walimwita Ndahani Picha.
TV yako ikibaki sauti tu, ilikuwa yake.
Ikifa kabisa hakuizika:
aliitoa roho, koili, shaba, spika,
mwili akaulaza nyuma ya nyumba
pale mama alipopanda zabibu.

Shingo ya kioo ukiivunja
inavuta pumzi. *Fyuuu.*
Pumzi moja, ndefu,
kama ya mtu aliyeibuka majini.
Tuligombania kuisikia.
Ndani mlikuwa na unga mweupe, laini,
na mdogo wangu Malogo aliukwangua kwa kidole,
akajipaka mashavu na paji la uso,
akacheza peke yake, anagonga sufuria, vumbi linapanda.
Tulicheka.
Mama naye alicheka, akamfuta kwa kanga,
na kanga ileile
akaifunikia ugali.

Miaka ikapita, nikaenda semina.
Mtaalamu akasema, bila kupandisha sauti,
kwamba kioo cha chogo kina risasi.
Ukumbi ukacheka, tukidhani ni mzaha.
Hapana, akasema. Madini ya risasi. Kwa kilo.
Kiswahili chetu kilikuwa kimetuonya siku zote,
jina moja kwa vitu viwili:
ile ya bunduki hulia, watu wakakimbia.
Hii haina mlio.
Imelala kwenye kigae, inangoja mvua ya Desemba.

Akaongeza jambo ambalo sijalimeza bado.
Risasi ile iliwekwa kwa wema:
kuzuia miale
isimdhuru anayetazama.
Na nyingi imo nyuma, chogoni.
Walimfikiria aliyekaa mbele, kwenye kochi.
Aliyekaa nyuma
hawakumfikiria.

Zabibu zetu zilizaa sana.
Tulizipanga kwenye mabeseni, tukaziuza stendi
kwa abiria wa Singida, dirishani, haraka haraka.
Sijui mizizi ilikuwa inakunywa nini.

Malogo ana miaka thelathini na mmoja.
Ukimtuma chumvi anarudi na kiberiti,
au harudi, tunamfuata.
Sisemi ni kioo.
Zahanati walisema malaria ilimpanda kichwani.
Shangazi alisema ni mkono wa mtu, akamtaja na mtu mwenyewe.
Udongo
hakuna aliyeupima.

Leo mnunuzi amekuja na guta, nyundo,
na mtoto wa miaka tisa hivi wa kushika gunia.
"Dada, weka sahihi, jua linatuunguza."
Nikamuuliza, kioo utakipeleka wapi?
Akanitazama kama niliyeuliza
moshi wa jana umelala wapi.
"Kioo si mali. Kioo ni korongoni."
Mtoto alikuwa ameshaiweka shavu lake
kwenye skrini moja, anajitazama,
anaipulizia mvuke, anachora nyumba.

Hata hizi bapa tulizoletewa, nasikia,
za mwanzo zina mirija yenye zebaki.
Nazo zitazeeka. Nazo zitageuzwa ukutani.

Nimelirudisha guta tupu. Mnunuzi amenitukana, kwa haki yake;
amechoma mafuta toka Nkuhungu.
Pa kuzipeleka skrini sina.
Nimepiga simu ofisi tatu; ya tatu ikanirudisha kwa ya kwanza.

Lakini kwenye ile safu ya mwisho,
nafasi ya neno moja tu,
nimeandika: *Risasi.*

Mkaguzi akisoma ataita polisi
waje kutafuta silaha stoo.
Aite.
Nitawafungulia mlango wahesabu wenyewe.
Kisha nitawapeleka nyumbani,
tuzunguke nyuma.